Tulivyoagana na Wenzetu Jinja



Wazee wetu walisema, Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Methali hii yajulikana na kila mtu, nasi tumeifundisha darasani mara nyingi. Lakini iko habari ambayo methali yenyewe haikuisema. Mgeni akiisha kupewa jembe, akalima pamoja na wenyeji miaka mitatu, je, siku ya kulirudisha jembe lile na kushika njia ya kwao, ataaga namna gani? Hii ndiyo habari tunayotaka kuwasimulia leo, maana sisi wenyewe tulikuwa wageni wa jembe, na katika kuaga kwetu tulijifunza jambo ambalo miaka mitatu ya kazi haikutufundisha.

Sisi tunaosema nanyi ni walimu wawili wa chuo cha ualimu hapa Tanzania. Mmoja wetu ni mzaliwa wa Tanga, na wa pili ni mzaliwa wa kando ya Ziwa, upande wa Mwanza. Mwezi wa Februari mwaka 2022 tulikwenda Uganda kufundisha Kiswahili katika chuo kimoja cha ualimu kisicho mbali sana na Kampala. Shule za nchi ile zilikuwa zimefunguliwa mwezi uliotangulia tu, baada ya kufungwa karibu miaka miwili kwa ajili ya maradhi ya korona. Tena mwezi wa Julai mwaka ule ule baraza la mawaziri la Uganda likakubali kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Basi kazi ilikuwa tele, na walimu walikuwa haba.

Msikilizaji asidhani kwamba Kiswahili kilikuwa mgeni kabisa katika nchi ile. Mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka kiwe lugha ya mafunzo na ya serikali, lakini Kabaka Daudi Chwa wa Buganda akakataa, kwa kuwa aliona kwamba Kiganda kitasukumwa kando katika nyumba yake chenyewe. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ili kukisanifisha Kiswahili ilihamia Makerere mwaka 1952, ikakaa huko kiasi cha miaka kumi. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Na mwaka 2005 katiba ya Uganda ikarekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Haya yote twaliyajua kabla ya kufunga mizigo yetu, kwa kuwa tuliyasoma vitabuni. Walakini sheria yaweza kuandikwa kwa siku moja, lakini moyo wa mtu haugeuki kwa siku moja. Hili hatukulijua, au tulilijua kwa midomo tu.

Kufundisha kwenyewe kulikuwa na furaha nyingi. Vijana wa Uganda hawapati taabu na ngeli kama wapatavyo wageni wa kutoka mbali, kwa maana Kiganda nacho kina ngeli zake. Wao husema omuntu na abantu, ekitabo na ebitabo, omuti na emiti. Basi ukiwaonyesha mtu na watu, kitabu na vitabu, mti na miti, hucheka tu kama watu waliokutana na ndugu yao aliyevaa nguo nyingine. Taabu ilikuwa katika maneno yaliyofanana kwa sura na kuachana kwa maana. Juma la kwanza mwanafunzi mmoja alimjia mmoja wetu mbio, akasema, "Mwalimu, nilinde kidogo." Mwenzetu akatazama huku na huku akitafuta mbwa au nyoka, tayari kumkinga kijana yule. Kumbe kijana alikuwa amesahau daftari lake bwenini, akitaka angojewe! Katika Kiganda kulinda ni kungoja. Tulicheka siku ile, na neno lile likawa mzaha wa chuo kizima. Twawaomba mlikumbuke, kwa maana tutalirudia.

Jambo jingine lililotupendeza ni namna wenzetu wanavyomsalimu mtu aliye kazini. Sisi kwetu tukimkuta mtu analima, au anafua, au anasahihisha madaftari, twamwambia, "Pole na kazi." Twamhurumia. Wao humwambia, "Gyebale," yaani wamshukuru kwa kazi yake, hata ikiwa kazi ile si yao wala haiwahusu. Mpita njia humshukuru mwenye shamba kwa kulima shamba lake mwenyewe. Mwanzoni jambo hili lilitushangaza. Halafu likatukaa moyoni. Maana pole ni nzuri, lakini mtu aliyeshukuriwa hushika jembe lake kwa nguvu zaidi kuliko mtu aliyehurumiwa.

Sasa tutataja jambo ambalo hatulisemi kwa kujisifu. Katika chuo kile palikuwa na mwalimu mmoja mzee, aliyekuwa akifundisha historia. Darasa lake na darasa letu yalitenganishwa na ukuta mmoja tu. Alikuwa mtu wa utaratibu sana: kofia kichwani, kalamu mbili mfukoni, hachelewi wala hakosi kipindi. Wanafunzi walimwogopa kidogo na kumpenda sana. Lakini katika muda wote ule hakusema neno moja la Kiswahili, hata neno Karibu. Tulikuwa tukisema naye Kiingereza siku zote.

Mwaka wa pili tulileta shauri katika mkutano wa walimu. Tulisema, haifai walimu wote wa chuo, kila siku ya Ijumaa, wasalimiane kwa Kiswahili, ili wanafunzi wapate mfano? Wengi wakakubali. Mzee yule akasimama, akasema kwa upole kwamba yeye hawezi kulitia neno la lugha ile kinywani mwake, akaomba aachwe. Hapo palikuwa mahali pa kunyamaza, au pa kuuliza. Sisi hatukunyamaza wala hatukuuliza. Mmoja wetu akajibu mbele ya watu wote kwamba mtu anayeikataa lugha ya jirani amemkataa jirani mwenyewe. Na wa pili wetu akaitikia kwa kichwa. Walimu vijana wawili watatu wakacheka. Mzee akachukua kofia yake, akatoka.

Tangu siku ile alitusalimu kama kawaida, asubuhi na jioni, lakini salamu zake hazikuzidi salamu. Nasi tukajiambia kwamba yule ni mtu wa kiburi, na kwamba haki ilikuwa yetu. Mtu akiwa na haki hutembea kifua mbele. Wala hatukuona kwamba kifua chetu kilikuwa kimezuia macho yasitazame tulipokanyaga.

Hata ilipofika Desemba mwaka 2024, muda wetu ulikuwa umekwisha. Wenzetu wakachanga fedha ili watufanyie safari ya kuagana. Palikuwa na mashauri mengi juu ya mahali pa kwenda. Wengine walitaka Entebbe, wengine walisema tukae pale pale chuoni tuchinje mbuzi. Lakini mama mpishi, ambaye hakuwahi kusema katika mkutano, alisema kwamba watu wanaokwenda zao yafaa wapelekwe mahali ambapo maji nayo yanaondoka kwenda zake. Basi ikakatwa shauri tuende Jinja, penye chimbuko la Mto Nile.

Tuliondoka saa moja asubuhi katika gari la chuo, watu kumi na wanane, pamoja na mama mpishi, bawabu na dereva. Mzee wa historia alikuwa amekwisha kuketi kiti cha mbele kabla yetu, kofia kichwani na fimbo kati ya magoti. Hatukutazamia kwamba atakuja. Tulimwamkia, naye akatuitikia, gari likaondoka.

Njia ya kwenda Jinja ni kiasi cha kilometa themanini kutoka Kampala, nayo si njia ya kusinzia. Ukiisha kupita Mukono wafika Namawojjolo, ambapo gari likisimama tu, vijana hulizingira pande zote wakiinua vijiti vya nyama ya kuku na ndizi za kuchoma ziitwazo gonja, mpaka hewa yote ndani ya gari huwa harufu ya makaa na mafuta. Bawabu wetu, mtu mkimya siku zote, alionyesha siku ile kwamba ni hodari wa kupatana bei kupita walimu wote wa hesabu. Halafu yaja mashamba ya miwa ya Lugazi. Na baada yake msitu wa Mabira, ambamo jua la saa tatu hugeuka kuwa kivuli cha jioni, na miti mirefu huinama juu ya barabara.

Hata tulipotoka msituni, tukaufikia mto. Zamani magari yalivuka juu ya bwawa lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Lakini tangu Oktoba mwaka 2018 liko daraja jipya, lenye urefu wa mita 525, lililoning'inizwa kwa kamba nene za chuma. Hapo mzee wetu akageuka kitini, akaanza kutueleza kama aliye mbele ya darasa. Akasema kwamba jina la mji latokana na mawe, kwa kuwa jinja maana yake ni jiwe. Na kwamba Wasoga waliuita mto ule Kiyira zamani nyingi kabla Speke hajafika pale tarehe 28 Julai mwaka 1862, akayapa maporomoko yake jina la bwana mkubwa mmoja wa Uingereza, Ripon. Mmoja wetu akauliza kama tutayaona maporomoko hayo. Mzee akatikisa kichwa. "Bwawa lilipojengwa," akasema, "maji yalipanda yakayafunika. Wageni huja wakaona maji yametulia, wakasema, Mto huu ni mpole. Hawajui kilicho chini."

Tulifika bustani iliyo ukingoni, tukagawanywa katika mashua tatu. Aliyetugawa ni mama mpishi, na hadi leo hatujui kama alifanya kwa makusudi. Lakini sisi wawili tulijikuta katika mashua moja na mzee wa historia, pamoja na kijana mmoja wa maktaba na mwenye mashua.

Mahali pale ni pazuri. Mnandi hukaa juu ya magogo wakikausha mbawa zao, na mdiria huning'inia hewani kisha hujitupa majini kama jiwe. Upande mmoja ni Ziwa, pana kama bahari, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Upande wa pili ni mto. Mpaka kati yao ni nyumba ndogo juu ya mawe machache, na maji yanayofurukuta kutoka chini. Mwenzetu wa Mwanza alitia mkono majini, akasema kwamba maji haya ameyanywa utotoni; kwa maana mito ya Simiyu na Mara huingia Ziwani kutoka kwetu, lakini mlango wa kutokea ni huu mmoja. Kutoka hapa maji yashika safari ya kupita Uganda, na Sudan Kusini, na Sudan, na Misri, hata bahari ya Mediterania. Mto wote, ukipimwa tangu vijito vya mbali vinavyoujaza Mto Kagera, una urefu upatao kilometa 6,650.

Mwenye mashua alizima mtambo, tukaelea. Ukingoni tuliona sanamu ya Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilitiwa katika mto huu mwaka 1948. Palikuwa kimya. Ndipo mzee akavua kofia yake, akaiweka magotini, akaanza kusema bila kututazama.

Alisema hivi. Mwaka 1975 alikuwa mtoto wa miaka kumi. Baba yake alikuwa mwalimu kama yeye, na siku moja alimchukua kwenda Kampala kumnunulia viatu vya shule. Njiani palikuwa na kizuizi cha askari. Askari wakapanda garini, wakaanza kupiga kelele. Maneno waliyoyasema yalikuwa maneno ya kwanza ya Kiswahili kuingia masikioni mwake: Shuka. Haraka. Lala chini. Abiria hawakuyafahamu vema, na aliyechelewa kufahamu alisaidiwa kwa kitako cha bunduki. Baba yake akalala barabarani kifudifudi, amevaa koti lake la darasani, mbele ya mwanawe, kwa muda wa saa nzima. Kisha wakaambiwa waende zao. "Baba alirudi kitini," mzee akasema, "akapangusa vumbi kotini, wala hakunitazama hata tukafika Kampala. Viatu tulinunua. Habari ile hatukuitaja mimi na yeye mpaka alipofariki. Tangu siku ile, nikisikia Kiswahili, kwanza hutazama chini."

Hatukuwa na la kusema. Tulikumbuka mkutano ule, na kicheko cha vijana, na kofia iliyochukuliwa mezani.

Mzee akaendelea. "Mlipokuja, ukuta wetu ukawa mmoja. Mwanzo nilikuwa nikifunga madirisha. Lakini kuta za chuo chetu mwazijua. Kila siku niliwasikia mkiwafundisha vijana, nao wakiitikia kwa pamoja: Tafadhali. Samahani. Hodi. Karibu. Shikamoo. Ikawa nikisahihisha madaftari, nasimamisha kalamu, nasikiliza. Nikajiuliza, Je, maneno haya nayo yalikuwamo katika lugha hiyo siku zote? Basi kwa nini sisi tulipewa yale mengine tu?"

Mabibi na Mabwana, mtu aweza kufundisha lugha miaka kumi na minane, kama sisi, na asiulizwe swali zito kama hilo. Tulikwenda Uganda tukidhani tumechukua kitu kizuri, na watu wakikikataa ni kwa ujinga au kwa kiburi. Hatukufikiri kwamba watu waliwahi kuletewa kitu hicho hicho na mikono mingine. Neno ni kama kikombe: mwenye kiu hatazami kikombe tu, hukumbuka alichonyweshwa ndani yake mara ya kwanza.

Mmoja wetu, yule aliyesema maneno ya mkutanoni, akamwambia mzee kwamba tulimkosea, tena mbele ya watu, na kwamba hatukumwuliza tulipopaswa kumwuliza. Akaomba radhi. Wa pili wetu naye akaomba, kwa kuwa aliitikia kwa kichwa, na kichwa nacho hutenda kosa. Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Ninyi hamkuwako barabarani siku ile. Nami sikuwaambia. Mtu aliyefunga dirisha asimlaumu jirani kwa kutomwona." Akavaa kofia yake. Mwenye mashua akawasha mtambo, tukarudi ukingoni.

Chakula kilikuwa tayari chini ya miti: samaki wazima wa kukaanga, matoke yaliyopikwa katika majani ya mgomba, na mchuzi wa karanga. Tulipokwisha kula ikaja zamu ya maneno, na maneno yale yote yalikuwa shukrani, kama ilivyo desturi yao. Mkuu wa chuo alitushukuru kwa vipindi tulivyofundisha. Kijana wa maktaba alitushukuru kwa kurudisha vitabu. Mama mpishi alisema anatushukuru kwa kula matoke yake tangu mwezi wa kwanza, ingawa aliona wazi kwamba siku zile tuliyatafuna kama watu wanaomeza dawa. Watu walicheka sana, na sisi zaidi, maana ilikuwa kweli. Nasi tuliwashukuru mmoja mmoja, wala hatukumsahau bawabu, ambaye usiku wa mvua kubwa mwaka 2023 alituletea taa na mwavuli bila kuitwa.

Mwisho wa wote akasimama mzee wa historia. Akavua kofia. Akatazama karatasi ndogo iliyokuwa kiganjani mwake, kisha akaitia mfukoni. Akasema kwa Kiswahili, "Walimu, shikamoo."

Vijana wakaangua kicheko, lakini kicheko cha mapenzi. Wasikilizaji wetu mwajua jambo lilivyo: shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, naye alikuwa amebakiza mwezi mmoja tu kustaafu, na sisi tulikuwa na umri wa wanawe. Hatukuweza kumwitikia marahaba, wala hatukuweza kumwacha bila jibu. Basi tukasimama sote wawili, tukainama kidogo, tukasema, "Shikamoo, Mzee." Naye, kama mtu aliyekuwa akilingoja neno hilo upande wa pili wa ukuta, akajibu sawasawa, "Marahaba."

Kisha akasema maneno machache, tunayoyakumbuka kama yalivyokuwa. "Asante kwa kazi. Ninyi kwenda nyumbani vizuri. Sisi tutakuja kwenu siku moja. Mtulinde."

Akaketi. Hakuna aliyecheka. Kazi yetu, Mabibi na Mabwana, ni kusahihisha. Tumesahihisha maelfu ya madaftari, na mkono wetu hautulii uonapo neno lisilo mahali pake. Tulijua kwamba alitaka kusema, Mtungoje. Lakini siku ile hatukulisahihisha neno lile, wala hatutalisahihisha. Mtu ambaye lugha yetu ilimlaza chini barabarani alituambia kwa lugha hiyo hiyo tumlinde. Ikiwa alikosea, basi alikosea akafika mahali ambapo sisi tulio hodari hatukuwa tumefika.

Tuliondoka Jinja jua likielekea kuzama. Katika msitu wa Mabira watu waliimba, na mama mpishi alilala begani mwa mkewe mkuu wa chuo. Siku ya tatu yake tulishika gari la kurudi kwetu.

Sasa tungependa kuwaachia maneno machache ninyi mnaotusikiliza, hasa ninyi mnaofanya kazi katika nchi za watu, au mlio na wana wanaofanya kazi huko. Kwanza, msiondoke usiku. Wako watu ambao hufungasha mizigo kimya kimya, wakapanda gari alfajiri, wakasema, Machozi ya nini? Huyo amekwenda na funguo ya nyumba ya watu. Aga, ujulikane kwamba umeaga. Pili, shukrani msiiweke barua ikawa ndiyo ya kuisema. Iseme uso kwa uso, kwa aliyekupikia na aliyekufungulia lango kama kwa mkubwa wako wa kazi. Tatu, ikiwa kuna mtu mliyekosana, mtafute kabla ya siku ya mwisho, wala usingoje yeye akutafute katika mashua. Sisi tulibahatika tu. Kama mzee yule asingekuja safari ile, tungerudi kwetu na haki yetu kamili mkononi, nasi tungekuwa wajinga mpaka leo.

Tangu turudi tumebadili jambo moja katika kazi yetu. Hapa chuoni wako wanafunzi watokao nchi jirani, na wengine watokao mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya soko au ya askari tu. Siku ya kwanza ya masomo, kabla ya ngeli na kabla ya herufi, twawauliza kila mmoja: Neno la kwanza la Kiswahili ulilisikia kwa nani, naye alilisema kwa ajili gani? Wengine husema, Kwa mama muuza samaki. Wengine, Kwa redio. Wako ambao hunyamaza. Hao waliomnyamazia mwalimu ndio tunaowasogezea kiti karibu.

Mzee wa historia amestaafu, naye hutuletea salamu kwa simu mwisho wa mwezi, kwa Kiswahili, na makosa yake yapungua kila mara. Asema kwamba atakuja kulitazama Ziwa kwa upande wa Mwanza, apaone maji yanakoingia, kwa kuwa yanakotokea amekwisha kupajua. Tumemjibu kwamba chumba kiko tayari, na kwamba twamlinda kwa maana zote mbili.

Kwaherini, wasikilizaji wetu. Na mliokuwa mkifanya kazi huku mkitusikiliza, gyebale, twawashukuru kwa kazi.